Kustaafu kazi ya serikali: ni lini, na kwa hesabu gani

Tangu nirudi Mombasa, watumishi wa serikali waliofika miaka hamsini huniuliza swali moja: nisubiri sitini au niondoke sasa? Wanaouliza ni walimu, wauguzi, makarani wa mahakama, askari polisi, na karibu wote huuliza wakiwa wamechoka. Aliyechoka hutaka aambiwe aondoke. Anayeogopa njaa hutaka aambiwe asubiri. Hapa sitamwambia mtu lolote kati ya hayo mawili. Nitaeleza sheria inavyosema, hesabu inavyopigwa, na yale ambayo hayamo kwenye hesabu ila ndiyo huamua mwisho wake. Mifano mingi ni ya Kanyangi, wadi ya Kitui Vijijini iliyo upande wa mto Athi, ng'ambo yake Makueni. Huko ndiko nilikofundisha miaka yangu tisa ya mwisho, na ndiko nilikoona watu wakijipangia kustaafu kwa namna isiyofanana na yetu ya Pwani.

Ninavyoona mimi, kati ya 50 na 60 sheria imempa mtumishi miaka kumi ya kuchagua mwenyewe, na kila mwaka katika hiyo una bei yake kwa shilingi. Wengi wetu hatuipigi hesabu bei hiyo. Tunauachia uchovu utuchagulie, au woga.

Sheria yenyewe

Umri wa lazima wa kustaafu katika utumishi wa umma Kenya ni miaka 60. Ulikuwa 55 mpaka mwaka 2009 ulipopandishwa. Mwenye ulemavu huruhusiwa mpaka 65. Anayetaka kuondoka mapema kwa hiari anaweza kuanzia miaka 50, na ili apate pensheni ya kila mwezi ni lazima awe ametumikia angalau miaka 10.

Kuna tofauti kubwa kati ya kustaafu na kujiuzulu. Chini ya Sheria ya Pensheni ya zamani, anayeandika barua ya kujiuzulu akiwa na miaka 48 huacha haki yake ya pensheni nyuma. Anayestaafu akiwa na 50 huondoka nayo. Miaka miwili ile, 48 mpaka 50, ndiyo ghali kuliko yote katika maisha ya mtumishi, na ndiyo miaka ambayo wengi hushikwa na hasira ya kutupa funguo mezani. Mwenye miaka 48 aliyechoka, neno langu kwake ni likizo. Barua aiweke.

Kama ugonjwa ndio umemfikisha hapo, iko njia nyingine: kustaafu kwa sababu za kiafya, ambako hupitia bodi ya madaktari na hakungoji umri. Wapo watu wanaobebana na presha na kisukari kazini hadi wanaanguka, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaambia kuwa njia hiyo ipo.

Jambo jingine la kujua ni mfumo gani unaokuhusu. Tangu Januari 1, 2021 kuna mfuko mpya wa watumishi wa umma ambao mfanyakazi naye huchangia: asilimia 2 ya mshahara mwaka wa kwanza, 5 mwaka wa pili, na 7.5 kuanzia wa tatu, huku serikali ikiweka 15. Waliokuwa chini ya miaka 45 siku ile waliingizwa kwa lazima. Waliokuwa na 45 na zaidi walipewa hiari. Kwa hiyo wale wanaofika 50 wakati huu wana vyungu viwili: kimoja cha miaka ya kabla ya 2021, kinachopigwa hesabu ya zamani, na kingine cha michango na faida yake. Kila chungu kinaulizwa mlango wake.

Hesabu

Hesabu ya zamani ni rahisi, na inashangaza ni walimu wangapi wa hesabu hawajawahi kuipiga. Chukua mshahara wa msingi wa mwaka, zidisha kwa idadi ya miezi uliyotumikia, gawanya kwa 480. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Ukikubali kuchukua kiinua mgongo, na karibu kila mtu huchukua, robo ya pensheni hiyo huzidishwa mara 20 na unapewa kwa mkupuo. Robo tatu zilizobaki ndizo hulipwa mwezi kwa mwezi. Posho ya nyumba na ya usafiri hazimo.

Tuchukue mtu wa miaka 50 mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 60,000 na miaka 25 kazini, yaani miezi 300. Kwa mwaka ni 720,000. Mara 300, gawanya kwa 480, unapata 450,000. Kiinua mgongo chake ni 2,250,000. Pensheni ya kila mwezi ni 28,125.

Mtu huyo huyo akingoja hadi 60 na mshahara usipande hata shilingi, atakuwa na miezi 420. Kiinua mgongo kitafika 3,150,000 na pensheni ya mwezi 39,375. Ukigawa tofauti kwa miaka kumi, kila mwaka mmoja wa kuendelea unamwongezea shilingi 1,125 kwa mwezi na 90,000 kwenye kiinua mgongo.

Mtu anaposema anabaki kazini ili pensheni inenepe, basi aitazame 1,125 hiyo na ajiulize kama kweli ndiyo inayomweka pale. Anayebaki, kwa kweli, anabaki kwa ajili ya mshahara. Na mshahara nao utazamwe vizuri: akistaafu leo atalipwa 28,125 bila kwenda kazini. Akienda kazini atalipwa 60,000. Kwa hiyo mwezi mzima wa kuamka alfajiri, mikutano, simu za usiku na barua za kujieleza anaufanya kwa tofauti ya 31,875, pamoja na posho zake, na hapo kodi haijakatwa. Tangu Desemba 27, 2024 pensheni ya aliyefikia umri wa kustaafu wa mfuko wake haikatwi kodi ya mapato. Mshahara unakatwa. Anayeondoka kabla ya umri huo aulize hali yake, na ajibiwe kwa maandishi.

Kwa mwenye watoto wawili chuoni, 31,875 na posho ni fedha kubwa na hakuna ubishi: abaki. Kwa ambaye watoto wamemaliza, mkopo umekwisha na paa liko juu ya kichwa chake mwenyewe, si hakika kuwa inafaa kuuza afya kwa bei hiyo. Wawili hawa wana umri mmoja, mshahara mmoja na uchovu mmoja, na jibu lao ni mbalimbali.

Kupandishwa cheo hubadilisha mambo kuliko miaka. Hesabu hufuata mshahara wa mwisho. Yule mwenye miezi 300 akipandishwa kwa shilingi 5,000 tu, pensheni yake huongezeka kwa 2,343 kwa mwezi na kiinua mgongo kwa 187,500. Hiyo ni zaidi ya miaka miwili ya kuvumilia. Kwa hiyo anayengoja barua ya cheo ambayo ameshahojiwa kwayo, aingoje. Anayengoja cheo ambacho amekuwa akiahidiwa tangu enzi za wilaya, hilo ni jambo jingine.

Madeni

Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yazidi theluthi mbili ya mshahara. Watumishi wengi ninaowajua wanaishi pale pale penye mpaka: mkopo wa benki, mkopo wa chama cha akiba, na mkopo wa kulipia mkopo. Mkopo hukatwa kwenye mshahara, na siku mshahara unapokoma deni halikomi. Lisipolipwa, kiinua mgongo ndicho huliwa nalo.

Ndiyo sababu nashauri tarehe ya kustaafu ianzie kwenye tarehe ya mwisho ya mkopo. Omba taarifa ya deni kutoka kila mahali unapokatwa, tazama mwezi wa mwisho, kisha hesabu kuanzia hapo. Kuanzia miaka 50 na kuendelea, mkopo mpya wa miaka minane ni uamuzi wa kustaafu, hata kama aliyeuchukua alidhani ananunua gari tu. Tarehe yake ameikabidhi benki.

Naongeza jambo ambalo watu wa Pwani tunalijua lakini tunalipuuza. Wengi wetu huliweka tumaini la kiinua mgongo katika kujenga. Na hapa kwetu ndipo penye mtindo wa nyumba bila ardhi, ambako kuta ni zako na udongo ni wa mwingine unayemlipa kila mwezi. Milioni mbili ukiziweka juu ya udongo usio na hati yako, umeweka uzee wako mikononi mwa mwenye shamba na warithi wake. Jenga, lakini anza na hati, na uanze nayo ukiwa bado una mshahara, kwa sababu hati huchukua miaka na kiinua mgongo huchukua miezi kuisha.

Kanyangi

Watu wa Kanyangi wana jambo ambalo sisi hatuna: hawastaafu kwenda mahali. Wako pale pale. Mwalimu wa Kikamba niliyefundisha naye, naibu wangu wa idara, alistaafu akiwa na miaka 52. Miaka mitano kabla alikuwa ameshachimba kisima, amepanda miembe na amefikisha mbuzi thelathini. Alichagua mwisho wa Septemba makusudi, ili mvua ya Oktoba imkute shambani. Kule mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo wanazozitegemea zaidi, pojo na kunde hupandwa nazo, na mwenye kuchelewa wiki mbili amechelewa msimu. Alipokuwa akiaga chumba cha walimu nilimwambia, "Pumzika sasa, mzee." Akanijibu, "Mwalimu, hakuna wa kupumzika hapa. Nimebadilisha tu wa kunituma."

Sitaki msomaji adhani shamba ni pensheni. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa kwa mfululizo katika maeneo mengi makavu ya Kenya, na Kitui haikusalimika. Mbuzi walikonda, pojo hazikuvunwa, na wazazi walioleta maharagwe shuleni badala ya ada hawakuwa na cha kuleta. Wastaafu waliosimama imara mwaka ule walikuwa wale wenye pensheni ya kila mwezi pamoja na shamba. Walioweka kiinua mgongo chote katika mifugo waliuza ng'ombe kwa bei ya mbuzi.

Hata hivyo gharama ya maisha ya mstaafu wa pale ni ndogo kuliko ya mstaafu wa Kisauni au Likoni. Nyumba ni yake, mbaazi ni zake, kuni ni zake. Sisi tunarudi mjini ambako kila kitu ni cha kununua, mpaka maji. Tena tunarudi na jina la "mtu wa serikali": kila arusi ina kadi yetu ya mchango, kila matanga na hitima yanatungoja, na kila mpwa anajua kuwa ami amelipwa. Kwa hiyo 28,125 ya Kanyangi na 28,125 ya Mombasa si kitu kimoja. Kabla ya kuandika barua, ishi miezi mitatu kwa fedha ile ile utakayolipwa kama pensheni, na sehemu ya mshahara inayozidi isiguswe. Usimwambie mtu isipokuwa mkeo au mumeo. Miezi mitatu hiyo itakujibu swali ambalo hakuna afisa wa pensheni anayeweza kulijibu.

Afya, na pengo la katikati

Wengi husahau bima. Bima ya matibabu inayolipwa na mwajiri huisha na kazi. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na asiye na mshahara hukadiriwa kipato cha nyumba yake: asilimia 2.75, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima pamoja. Fedha hiyo itengwe kwenye kiinua mgongo kabla ya kitu kingine chochote. Kama una jambo la kutibiwa, jicho, meno, goti, fanya ukiwa bado kazini.

Kisha kuna pengo kati ya mshahara wa mwisho na pensheni ya kwanza. Faili hutoka kwa mwajiri, huenda Idara ya Pensheni iliyo Bima House, Nairobi, na ikikosa karatasi moja hurudishwa. Nimeona waliolipwa baada ya miezi michache na nimeona waliongoja zaidi ya mwaka. Akiba ya miezi sita ya chakula na kodi ya nyumba ni kiwango cha chini, na mwaka ni bora.

Kinachochelewesha watu wa Pwani mara nyingi ni majina. Barua ya kuajiriwa inasema Mwanaisha, kitambulisho kinasema Mwanaasha, cheti cha benki kimeacha jina la babu. Au "bin" imeandikwa kwenye karatasi mbili na kuachwa kwenye tatu. Kwa karani wa Nairobi hao ni watu wawili. Panga karatasi zako zote mezani, barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa cheo, kitambulisho, pini ya ushuru, kadi ya benki, na usome jina herufi kwa herufi. Penye tofauti, hati ya kiapo iandikwe sasa. Na tarehe ya kuzaliwa: serikali hufuata ile uliyoandikisha ulipoajiriwa mara ya kwanza, hata kama mama anakumbuka mwaka mwingine.

Kwa wenye familia changa, jambo jingine. Mstaafu wa mfumo wa zamani akifariki, mjane au mgane na watoto hulipwa pensheni yake kwa miaka 5, kisha hukoma. Mwenye miaka 60 aliyeoa mke wa miaka 35 na ana mtoto wa darasa la pili asiitegemee pensheni kumlea mtoto yule. Atafute njia nyingine mapema, iwe nyumba ya kupangisha au hisa za chama cha akiba.

Uchovu

Nimezungumza fedha kwa urefu kwa sababu fedha inapimika. Uchovu haupimiki, lakini una aina. Kuna uchovu wa kazi na kuna uchovu wa mahali. Mimi nilikuwa nikisafiri kutoka Kitui, nashuka Kibwezi, naunga barabara kuu ya Mombasa, kila likizo kwa miaka tisa, na kwa muda mrefu nilidhani nimeichoka kazi. Nilipopewa muhula mmoja bila zamu ya usiku bwenini, nikalala vizuri na kufundisha kwa furaha. Anayeweza kuomba uhamisho au kuacha cheo cha usimamizi akarudi kazi ya kawaida, ajaribu hilo kwanza. Heri nusu shari. Ila ajue mshahara usiguswe, maana hesabu itaufuata ule wa mwisho.

Kuna na wale wanaobaki kwa sababu nyingine wasiyoisema. Mtu aliyeitwa mwalimu mkuu au afande kwa miaka ishirini huogopa asubuhi ambayo hakuna wa kumpigia saluti. Sioni aibu katika hilo, ni ubinadamu. Lakini basi aseme kuwa anabaki kwa ajili ya saluti, asiwaambie watoto ni kwa ajili yao.

Upande wa pili, kukimbilia fungu la mkupuo. Wenye umri wangu wanakumbuka mpango wa hiari wa mwaka 1993, serikali ilipopunguza wafanyakazi wa makundi ya chini, A hadi G, kwa kuwapa malipo ya kuondokea. Mtaani kwetu wapo walionunua gari la abiria kwa fedha ile, na hadithi za magari yale kila mzee anazo. Tanzania, ambako hiari huanza 55 na lazima ni 60, ugomvi wote wa kikokotoo tangu 2018 umekuwa juu ya ukubwa wa fungu hilo hilo la kwanza. Naelewa kwa nini watu wanaligombania. Mimi binafsi ningetazama zaidi lile dogo linalokuja kila mwezi.

Niliondoka nikiwa na miaka 56, mwisho wa mwaka wa shule. Mtoto wa mwisho alikuwa amemaliza chuo Aprili, mkopo uliisha Agosti, na presha yangu ilikuwa haishuki hata kwa vidonge viwili. Sikuona mshahara ungenifanyia nini tena ambacho pensheni isingeweza. Kama mtoto yule angekuwa na miaka miwili zaidi chuoni, ningebaki Kanyangi miaka miwili zaidi na vidonge vyangu.

Anayetaka kuanza, karatasi ya kwanza ni ombi la maandishi kwa afisa wa rasilimali watu wake, akitaka kujua tarehe yake rasmi ya kuajiriwa, miezi yake ya utumishi na mfumo anaohesabiwa. Maswali ya pensheni hupokelewa pia katika vituo vya Huduma, cha Mombasa kikiwa jengo la Posta, barabara ya Digo. Faili ikikwama bila sababu, Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamiko bila malipo. Weka nakala ya kila karatasi unayowasilisha, yenye mhuri wa kupokelewa na tarehe.